Msikilizaji wa Nyuma ya Jiko

Dodoma, 3 Machi 2024

Shangazi yangu Andongwisye,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mume wangu Godwin anakusalimu, na mtoto ameota meno mawili ya juu kwa mpigo, kwa hiyo nyumba nzima hailali. Baba hajambo ila magoti. Anasema yakipoa atakuja kukuona, na wewe unajua amesema hivyo tangu mwaka juzi. Niambie habari za Nkunga, migomba, ng'ombe, na Mzee Abrahamu, baba mkwe wako. Bado anatembea mwenyewe?

Sasa Shangazi, nina jambo, na usicheke. Nimejiunga na kundi la wasomaji mtandaoni, linaitwa Chungu cha Vitabu. Tuko watu elfu kumi na moja na wengi hatujaonana uso kwa uso. Kila Ijumaa mmoja wetu anaandika maisha yake ya kusoma: alianzaje, kitabu gani kilimshika, anasomea wapi, nani alimtia hamu. Wenzake wanachangia chini yake. Kuna dereva wa lori anayesoma riwaya akiwa kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma. Anasema siku foleni ikiwa fupi anakasirika. Kuna mwalimu wa Kigoma aliyejifunza kusoma kwa karatasi za kufungia maandazi, na mpaka leo hajui hadithi aliyoikuta kwenye karatasi hizo iliishaje. Nimekuchapia kumi, zimo ndani ya bahasha hii, maana simu yako ya kitochi haina mtandao na hata ingekuwa nao usingeutaka.

Mwezi wa sita ni zamu yangu, na sina la kusema. Nilisoma shule, nikasoma chuo, nikaajiriwa kupanga mafaili. Nikijiuliza nani alinipa hamu ya vitabu nakuona wewe, likizo ile nikiwa darasa la nne. Umekaa jikoni kwako unasoma kwa sauti, sufuria inachemka, na hakuna mtu mwingine humo ndani. Nilikuuliza unamsomea nani, ukanijibu unaisomea mboga. Naomba uniandikie maisha yako ya kusoma, zamu yangu niifanye yako.

Bahasha nampa kondakta wa basi, ataiacha Tukuyu dukani kwa Hasheem kama kawaida.

Ni mimi mwanao,
Lusungu


Nkunga, 2 Aprili 2024

Lusungu binti wa kaka,

Marahaba. Bahasha imefika, ila Hasheem aliifukia chini ya vitenge vya Pasaka ikakaa huko siku tisa. Huku baridi imekuja mapema. Parachichi zimechumwa, wanunuzi wamekuja na magari yao na dharau zao. Ng'ombe kazaa, dume. Mwambie baba yako basi halipandwi kwa magoti, linapandwa kwa nia.

Mzee wa nyumba kubwa yupo. Macho yake yamekwisha, wifi yangu Tulia ndiye anamshika mkono uani.

Hayo maisha ya kusoma unayoyataka mimi sina. Mimi ni mwanamke wa darasa la saba, mjane, mwenye migomba na ng'ombe mmoja. Jumapili nasoma Neno la Mungu, siku nyingine nasoma kalenda. Watu wa Chungu watafutie mtu mwenye miwani.

Ila karatasi ulizoleta ni nzuri, sisemi uongo. Zimekwisha kwa siku mbili. Yule dereva wa Tunduma alituvunja mbavu. Yule wa maandazi tulimsikitikia sana. Mtu kunyimwa mwisho wa hadithi ni dhuluma. Kama zipo nyingine, lete.

Shangazi yako,
Andongwisye


Dodoma, 20 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Meno sasa ni manne. Baba amenuna kwa ajili ya lile neno la nia, lakini leo asubuhi nimemkuta anafanya mazoezi ya kupanda ngazi.

Nakuletea karatasi nyingine kumi na mbili. Lakini kwanza nijibu. Umeandika "alituvunja mbavu" na "tulimsikitikia". Tangu mume wako atutoke unaishi peke yako, nyumba ina wewe na paka. Ulisoma na nani? Nakujua Shangazi, wewe ukificha kitu unakificha na mguu wake mmoja uko nje.

Wako,
Lusungu


Nkunga, 26 Mei 2024

Lusungu,

Marahaba mwanangu. Ndama anaruka uani kama kalipwa. Nilikuwa na mafua, yamepona kwa tangawizi na kwa ubishi. Nimekaa na swali lako wiki nne. Mara nne nimeandika jibu na mara nne nimewashia moto. Leo sichomi.

Wewe umekulia mbali, kwa hiyo nianze mwanzo. Kwetu mwanamke akiolewa haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hasemi naye na hataji jina lake. Wakikutana njiani, yeye huingia migombani akajifunika kichwa mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameacha, kanisani utaona wanapeana mikono kabisa. Nyumba hii haikuacha, na mimi sikuona ubaya. Ni adabu. Unamheshimu mtu mpaka unazijua nyayo zake kuliko sura yake.

Niliolewa mwaka wa sabini na tisa, nina miaka kumi na tisa. Serikali ilikuwa imeamuru watu wazima wote wajue kusoma. Upande wetu wa kijiji mwenye cheti cha darasa la saba nilikuwa mimi, basi nikapewa chaki na ubao, darasa likawa kwenye banda la kanisa. Walikuja wote, wanaume kwa wanawake, wenye mvi na wenye mimba. Mmoja tu hakuja, mzee wa nyumba kubwa. Alikuwa na miaka arobaini na mitano na kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko cha yeyote pale. Angekujaje? Mimi nisimame mbele nimtazame usoni, nimwambie soma?

Walimcheka, Lusungu. Wakamwita mkaidi, wakasema anaogopa chaki kuliko chui. Balozi wa nyumba kumi alikuja kumhoji mbele ya watu, naye akajibu hana nafasi, ana migomba. Angeweza kusema "mwalimu ni mkwe wangu" na yangeisha pale pale. Wangeninyang'anya chaki wakaleta mwalimu kutoka kijiji kingine. Hakusema. Alikubali aitwe mjinga ili mimi nibaki mwalimu. Nami nilijua, na sikuwa na mdomo wa kumwambia kwamba najua.

Basi nikawa nasoma jikoni jioni, kwa sauti, eti nawasomea watoto wa ukoo, baadaye na wangu. Siku moja nasikia nyuma ya ukuta maharage yanadondoka kwenye ungo. Nikifunga kitabu yananyamaza. Nikifungua yanaanza tena. Nikasema ngoja nijaribu. Nikaazima kitabu cha ufugaji wa nyuki, kikavu hicho, watoto walilala wote. Nilisoma mpaka mwisho. Mwezi haukuisha nikaona mizinga mitatu imetundikwa upande wa nyumba kubwa, vipimo vile vile vya kitabuni.

Tangu hapo nasomea ukuta. Watoto wamekua wakaondoka, mume wangu Ambwene amekufa, na mimi kila siku saa kumi jioni nasoma. Maharage yakiisha anapukuchua mahindi. Kukiwa hakuna maharage wala mahindi anakaa hivi hivi kwenye kigogo chake. Palipo na mapenzi naruka, mkwe hasomewi mambo hayo. Kuna riwaya moja niliiruka ruka mpaka ikabaki kurasa ishirini. Sasa macho yake yamefunga kabisa, na kusikia ndiyo kila kitu alichobaki nacho. Je, anajua kuwa najua? Nafikiri anajua. Tutaulizana vipi? Ninachoogopa ni kimoja tu, isije siku ukuta ukanyamaza upande mmoja na upande mwingine bado unataka.

Haya ndiyo maisha yangu ya kusoma. Nimekuandikia wewe. Sijamwambia mtu mwingine tangu nizaliwe.

Shangazi yako,
Andongwisye


Dodoma, 22 Juni 2024

Shangazi mpenzi!

Shikamoo mara elfu. Sisi wazima, mtoto anasimama akishika kiti, na nisamehe salamu zangu zimekuwa fupi maana nina haraka ya kukupa habari.

Jana Ijumaa ilikuwa zamu yetu. Nimeiweka barua yako. Nimeinyoosha kidogo tu, na kwa kuwa kanuni ya Chungu ni kila mtu ajisemee mwenyewe, nimeiacha katika sauti yako: "Mimi Andongwisye wa Nkunga, Rungwe." Pale ulipoandika "mzee wa nyumba kubwa" niliona anafichwa bure mtu mwema kama yule, nikaweka jina lake kamili, Mzee Abrahamu Mwakalinga, ili naye apate heshima yake.

Shangazi, watu wamelia! Mama mmoja wa Songea ameandika kwamba alikuwa kwenye foleni ya benki, machozi yakamtoka mpaka mlinzi akamletea kiti. Yule dereva wa Tunduma anasema siku hizi husoma kwa sauti ndani ya lori, huenda kuna mtu nje. Zaidi ya elfu nne wameipenda, mia saba wameisambaza. Wengine wanataka kumtumia mzee vitabu. Nimewapa anwani ya duka la Hasheem. Nimekuchapia maoni yote, ni kurasa thelathini na moja. Msomee na hayo!

Wako mwenye fahari,
Lusungu


Dodoma, 4 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hapa ni wiki ya sita bila neno lako. Nikipiga simu inaita mpaka inakata. Hasheem ananiambia uko mzima, ulikuja ukanunua sabuni, bahasha uliichukua, na ulipoulizwa habari zangu ukasema bei ya sabuni imepanda.

Kama kuna nililokosa, niambie. Baba naye ameacha kula vizuri.

Lusungu


Nkunga, 1 Septemba 2024

Lusungu,

Marahaba. Mimi nipo. Ng'ombe yupo. Nitalisema mara moja, tusirudi tena.

Shemeji yangu Ackson ana duka la mbolea Tukuyu mjini. Mteja wake alimwonyesha hayo maandishi kwenye simu. Jumapili baada ya ibada akaja nyumba kubwa, akakaa mbele ya baba yake, akamsomea yote mwanzo mpaka mwisho. Tulia alikuwepo, ndiye aliyenieleza.

Umeandika "mimi". Mimi Andongwisye nasema, na ndani ya kinywa changu umelitia jina lile. Miaka arobaini na mitano sijalitaja. Hata kanisani likija kwenye somo wenzangu wanasoma, mimi nafunga mdomo mpaka lipite. Nimezaa watoto wanne bila kulitaja, nimemzika mume wangu bila kulitaja. Wewe umelitaja kwa ajili yangu mbele ya watu elfu kumi na moja, na umesema ni heshima.

Ackson ananiambia nimeivua nguo nyumba yao mbele ya nchi nzima. Hilo nalimeza, Ackson hanilishi. Lakini tangu Jumapili ile nyuma ya jiko langu hakuna mtu. Saa kumi nakaa, nafungua kitabu, nasoma, nasikiliza. Hakuna ungo, hakuna kikohozi. Tulia anasema anakaa chumbani ameelekea ukutani, anakula kidogo, hasemi ameudhika wala hasemi hakuudhika. Mtu wa miaka tisini asiyeona, nimemnyang'anya kilichobaki. Naona haya kuendelea kusoma na naona haya kuacha. Jana nimesoma kurasa kumi kwa kigogo kitupu, nikalia kama msichana.

Maboksi matatu ya watu wako yapo kwa Hasheem. Siyachukui.

Nilikuandikia wewe, Lusungu.

Andongwisye


Dodoma, 15 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mbele ya Baba. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mimi ndiye wa kulaumiwa, nilikulea bila kukufundisha kwenu." Hilo lilinichoma kuliko kugombezwa.

Nimeyafuta maandishi Chunguni siku ile ile. Lakini mia saba walikuwa wamekwisha kuyabeba, siwezi kuyarudisha. Nimekosa. Niliona barua nzuri, nikasahau kuwa ina mwenyewe. Nilitaka watu wakupende kama ninavyokupenda, sikujiuliza kama unataka kupendwa na watu.

Nina ombi moja, na ukikataa nitanyamaza. Mimi si mkwe wa nyumba ile. Mimi ninaweza kuingia, nikakaa mbele yake, nikamwomba radhi kwa mdomo wangu na nikamsomea. Nimeomba likizo ya siku saba. Niruhusu nije.

Lusungu


Nkunga, 6 Oktoba 2024

Lusungu,

Marahaba. Nimemuuliza Tulia, Tulia kamuuliza mzee. Amesema mgeni hafukuzwi.

Njoo. Lete sweta. Simu iache huko.

Andongwisye


Dodoma, 3 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika salama, mkungu wa ndizi umefika salama pia, ingawa abiria wa kiti cha nyuma aliufanya mto. Mtoto alinikataa saa nzima. Godwin anakushukuru kwa maziwa ya mgando. Amekunywa yote, hajanibakizia.

Sasa nikueleze lile ambalo sikukueleza nikiwa jikoni kwako. Sikuweza kukueleza pale, kwa sababu ukuta ule unasikia pande zote mbili.

Unajua nilimsomea siku tano, asubuhi, sebuleni kwake. Alinisikiliza kwa adabu. Nikimaliza ananishukuru, anamwambia Tulia aniletee chai, basi. Hacheki. Hata pale pa kuchekesha hacheki. Siku ya kwanza nilimwomba radhi kwa ajili ya jina, akaniambia, "Jina langu liko kwenye kadi ya kliniki na kwenye kadi ya kanisa, kila mtu analisoma. Yule wa jikoni hakulitaja, najua. Hilo halina neno." Nikadhani ameniondolea mzigo. Lakini jioni saa kumi nilimwona anageuza kichwa kuelekea kwako, halafu anaketi vile vile.

Asubuhi ya kuondoka, begi liko mlangoni, ndipo nikamuuliza. Nilisema, "Babu, kama si jina, ni nini? Kwa nini huendi tena kukaa kule?" Aliitafuta fimbo yake kwa mkono, akaiweka mapajani. Halafu akasema hivi, nimeyaandika ndani ya basi yasinipotee:

"Mjukuu wangu, miaka yote hii nilidhani naiba. Nilidhani yeye anawasomea watoto, baadaye anajisomea mwenyewe, na mimi ni mwizi wa nyuma ya nyumba. Nilikuwa mwizi mwenye raha. Mwizi hana la kusema, anachukua anaondoka. Sasa Ackson amenisomea kwamba nilikuwa napewa. Nilikuwa napewa miaka arobaini na mitano! Mtu akipewa, anashukuru. Na mimi kinywa changu na chake haviruhusiwi kukutana. Sasa nikakae pale nipokee tena, nimenyamaza kama jiwe? Siwezi. Ni utovu wa adabu."

Nilijaribu kumwambia wewe huhitaji shukrani. Akatikisa kichwa, akasema, "Wewe ni mtoto wa simu." Alitabasamu kidogo lakini, hilo nakuapia.

Kwa hiyo Shangazi, hakukukasirikia hata siku moja. Ana asante ambayo hana pa kuipeleka. Sijui dawa yake. Nimeona nikuandikie wewe peke yako, na safari hii neno "peke yako" nalielewa.

Mwanao,
Lusungu


Nkunga, 8 Desemba 2024

Lusungu mwanangu,

Marahaba, na mtoto marahaba, hata kama hajui kuamkia. Baba yako alinipigia simu, nimepokea. Anasema anakuja Januari. Nimemwambia nitaamini nikimwona anashuka. Ng'ombe anatoa lita nane. Ackson alitaka kumuuza ndama, nikakataa. Na maboksi yako nimeyachukua kwa Hasheem, kwa pikipiki, safari mbili. Kuna mtu wa Chungu ametuma kitabu cha kutengeneza redio. Sijui alimfikiriaje mzee, lakini nimekiweka.

Barua yako niliisoma mara tatu, zote kimya, hata mboga sikuisomea. Mimi nilidhani anajua kuwa najua. Yeye akidhani sijui. Tumekaa ukuta mmoja miaka arobaini na mitano, kila mtu na hadithi yake! Nilicheka, halafu sikucheka.

Halafu nikakasirika. Eti hawezi kunishukuru. Na mimi je? Nilimshukuru lini kwa ile chaki? Kijiji kizima kilimcheka kwa ajili yangu na mimi nikapita migombani nimejifunika kichwa. Kama ni utovu wa adabu, mimi nilianza.

Kwetu mkwe hasemi na mkwe, lakini hakuna aliyemkataza kusema na wifi. Siku ya pili yake Tulia alikuwa anaanika mahindi uani, mzee kaketi mlangoni pake. Nikasimama nyuma ya migomba, nikamwita Tulia kwa sauti ambayo hata watu wa kule Igogwe wangeisikia. Nikasema, "Wifi, nikuambie habari ya zamani. Palikuwa na mtu alikubali kuitwa mkaidi ili mwalimu asinyang'anywe chaki. Mwalimu yule hajawahi kupata pa kusemea asante. Ndiyo maana anasoma. Kila jioni anasema asante, na bado hajaimaliza." Tulia, Mungu ambariki, hakuuliza ni nani. Akanijibu kwa sauti ile ile, "Nimekusikia wifi, na waliopo wamekusikia." Nikarudi jikoni kuangalia sufuria.

Hakuja. Siku kumi na mbili hakuja. Mimi nilisoma.

Alhamisi iliyopita mvua ilinyesha tangu alfajiri, mvua yetu hii isiyo na breki. Saa kumi nikafungua kitabu, nikasikia kigogo kinaburutwa kuingia chini ya upenu. Halafu sauti ya Tulia, "Baba, utalowa." Kigogo hakikurudi. Herufi zilinitoka zote, nikazitafuta kwa kidole. Nikaanza. Bati lilikuwa linapiga kelele, nikisoma kawaida hasikii. Basi nikasoma kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Mkwe mzima wa miaka sitini na minne, napiga kelele za riwaya, kijiji kizima kinasikia. Ackson alipita na mwavuli wake, akasimama, akaangalia, akaendelea na njia yake. Nilisoma sura mbili. Kulikuwa na mahali pa kuruka, na kama niliruka au sikuruka, hilo halikuhusu, wala Chungu chako.

Nilipofunga kitabu, mvua ilikuwa bado inamwagika. Nikasikia anakohoa. Nikasikia fimbo inagonga chini, anasimama. Halafu mzee yule, ambaye sauti yake sijawahi kuisikia ikisema neno lililoelekea upande wangu, akasema kwa Kinyakyusa, polepole na kwa nguvu, "Ndaga fijo, mvua. Ndaga fijo." Asante sana, mvua. Asante sana.

Lusungu, nimezaliwa Rungwe na nimezeekea Rungwe. Mvua inatuozeshea maharage, inatukatia barabara, tunailalamikia miezi tisa kwa mwaka. Sijawahi kumsikia mtu wa huku akiishukuru.

Shangazi yako,
Andongwisye